Albamu haipimwi kwa wiki moja

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu mwandishi wenu wa burudani, yule aliyeandika majuzi kwamba zama za albamu zimekwisha, kwamba staa mwenye akili anaachia wimbo mmoja mmoja, na kwamba albamu isipotoa hiti nne au tano ndani ya wiki ya kwanza basi imebuma na msanii kapotea njia. Sina ugomvi naye, huwa namsoma kila toleo. Ila safari hii kaandika kama mtu anayesikilizia muziki ndani ya bajaji: wimbo unaanza Buzuruga, anashuka Mabatini, haujaisha.

Mimi ni msusi. Nina saluni Igoma, kando ya barabara ya Musoma, na kazi yangu kubwa ni rasta: ndogo, za kati, na zile zisizo na fundo ambazo mabinti wanazipenda sasa hivi. Kichwa kimoja cha rasta ndogo kinakula saa tano, sita, na kama mteja kajaliwa nywele nyingi na msaidizi wangu hayupo, tunaingia jioni. Mteja hana pa kwenda. Vidole vyangu viko kichwani mwake, mdomo wake uko kwenye umbea, na sabufa iko kwenye kona juu ya kabati la dawa. Nyimbo mbili tatu hapo hazifai kitu, zinaisha sijatoka hata kisogoni. Ndiyo maana napiga albamu. Naweka wimbo wa kwanza, naiacha inatembea yenyewe hadi mwisho, inarudi mwanzo, inatembea tena. Na nawaambia, albamu ikizunguka mara ya tatu huku mtu kakaa kwenye kiti kilekile, wanaoipenda wanaanza kubadilika na nyimbo zinazopendwa zinabadilika pia. Hili mtu wa bajaji hawezi kuliona.

Nichukue mfano, na makusudi nachukua wa zamani kidogo, kwa sababu albamu ya mwezi jana bado ina moto wa mitandaoni, kila mtu kashika upande wake. Oktoba 2021 Alikiba alitoa Only One King. Alikuwa hajatoa albamu tangu Ali K 4Real ya mwaka 2009, na kabla yake Cinderella ya 2007. Miaka 12. Katikati hapo aliachia nyimbo moja moja, kama huyo mwandishi wenu anavyotaka, na zikapendwa: Mwana mwaka 2014, Aje, Seduce Me. Hata mpira alicheza, mwaka 2018 akasajiliwa Coastal Union ya Tanga, tukabaki tunacheka. Sasa mtu kama huyo anaporudi na albamu ya nyimbo 16, hebu fikirieni mzigo aliojitwisha. Waliokuwa wanafunzi wakati wa Cinderella sasa wanapeleka watoto wao shule. Waliozaliwa wakati huo wanaujua mdundo wa Nigeria kuliko wa Kariakoo. Mashabiki wa zamani wanataka sauti ileile ya kubembeleza, ya kijana anayelilia msichana. Wasambazaji nao wanataka Lagos, Accra na Nairobi zifunguke kwa mpigo mmoja.

Akajaribu kuwapa wote. Wanigeria wamo, Rudeboy wa P-Square kwenye Salute, Mayorkun kwenye Jealous, Patoranking kwenye Bwana Mdogo, Sauti Sol wa Kenya nao wamo, na Ndombolo kaimba na vijana wake wa nyumbani. Ndombolo, Jealous na Salute tulishazisikia kabla ya albamu yenyewe kutoka, ndizo zilizotangulizwa kufungua njia.

Hapa saluni mambo yalikwenda hivi. Siku za mwanzo kila anayeingia aliomba Salute au Ndombolo. Ndombolo hasa, maana mguu unacheza wenyewe hata kichwa kikiwa kimeshikwa, nikawa kila saa namwambia mtu, "Tulia mdogo wangu, nitakupindishia mstari." Lakini nikaanza kuona kitu. Ubeti wa mgeni ukifika, mazungumzo yanarudi. Huyu anaomba maji, yule anauliza pakiti za rasta zimepanda bei kiasi gani, mwingine anakumbuka kwamba hajampigia mumewe. Alikiba akirudi kuimba, kimya kinarudi. Rudeboy ni mwimbaji mkubwa, sina la kumfundisha, ila pale alikuwa anazungumza na watu wengine walioko mbali na Igoma, na wateja wangu walilijua hilo bila kuambiwa.

Halafu ipo Utu. Mgeni hakuna. Alikiba yuko peke yake, kwa Kiswahili, taratibu, sauti ya mtu mzima ambaye hana haja ya kupiga kelele ili asikike. Mara ya kwanza ilipopita hakuna aliyesema neno. Mara ya pili, mama mmoja anayefanya biashara ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, aliyekuwa anasukwa kwa ajili ya harusi ya mdogo wake Ukerewe, akaniambia, "Dada, rudisha huo." Nikarudisha. Akausikiliza kafumba macho, mikono kaikunja chini ya kitambaa. Binti wa chuo, wa kule SAUT, alikuwa kwenye driya. Akachomoa kichwa akasema wimbo umepoa, turudi kwenye Ndombolo. Yule mama akamjibu macho yakiwa bado yamefumba: "Mwanangu, huo wako ni wa kucheza. Huu ni wa kuolewa." Tulicheka hadi chanuo likanidondoka. Na yule binti, nimwambie mwandishi wenu, alipokuja tena kufumuliwa ndiye aliyeniuliza kama ile ya "kuolewa" bado ninayo.

Basi miezi ikaenda. Jealous ikabaki kwa wachache, Salute ikawa ya kupigwa mtu akiikumbuka, na Utu ikaanza kuombwa na watu ambao hata hawajui ilitoka kwenye albamu gani. Hadi leo mabinti ninaowaandaa kwa ajili ya harusi wananitajia huo wanapopanga nyimbo za ukumbini. Aliyepima albamu ile wiki ya kwanza aliandika kwamba nguvu yake iko kwa wageni kutoka nje. Wiki ya kwanza ilikuwa kweli. Je, mwaka wa tatu?

Wala msinifanye mimi ni Timu Kiba. Nyimbo 16 ni nyingi, ningeulizwa ningekata nne, na zipo ambazo hata leo nikizisikia sijui aliziweka za nini. Afro East ya Harmonize, Machi 2020, ugonjwa ni huohuo, kolabo juu ya kolabo mpaka unamtafuta mwenye nyumba. Na tukiwa hapo, angalieni majina kwenye majalada: Only One King, A Boy from Tandale, Afro East, Sound from Africa, Definition of Love, na hiyo Peace and Money, yote Kiingereza. Utadhani tunanunuliwa zawadi tupeleke kwa mtu mwingine.

Sisemi wageni wasialikwe, na sisemi msanii akae na njaa kwa jina la sanaa. Number One aliyoirudia Diamond na Davido ndiyo iliyomfungulia mlango wa Nigeria, na kwenye mlango huo wamepita wengi waliokuja nyuma yake. Video inakula pesa, madansa wanakula, kodi inadai. Mimi mwenyewe nasuka mteja anachotaka. Akija na picha kwenye simu nasuka picha, hata nikiona uso wake haukubaliani nayo, maana pango la fremu halingoji. Lakini mitindo iliyonipa jina hapa Igoma haikutoka kwenye picha ya mtu. Ni ile niliyomwomba mteja mmoja aniamini, nikaijaribia kichwani kwake, wenzake wakaanza kuja kuiulizia. Bila wale wa picha ningefunga duka, bila yule mmoja ningekuwa msusi kama wasusi wote wa barabara hii. Staa naye albamu ndipo mahali pake pa kumwomba mteja amwamini. Kwenye wimbo mmoja mmoja hawezi, kila wimbo lazima ulipe pango lake wenyewe.

Kwa hiyo albamu ninayoilalamikia ni ile isiyothubutu. A Boy from Tandale ya Diamond ilizinduliwa Nairobi Machi 2018 kwa kishindo kweli, na majina yalikuwa ya kutisha: Ne-Yo, Rick Ross, Omarion, Davido, P-Square, Tiwa Savage. Nilipoipata nikakuta sehemu kubwa ninayo tayari kwenye flashi, nyingine miaka. Ilikuwa duka la kumbukumbu, la kifahari sana, lakini duka la kumbukumbu. Ndani yake kulikuwa na Pamela, aliyomshirikisha Young Killer, kijana wetu wa Mwanza, na wimbo huo ukafunikwa kabisa na Wamarekani. Mimi niliupiga sana, na siyo kwa undugu tu.

Yuleyule Diamond, Machi 2022, akatoa First of All, EP, yaani albamu fupi, ya nyimbo 10, na hapo nilimpa heshima yake. Fresh ni amapiano kamili, kaimba na Waafrika Kusini, soko limekula na kushiba. Mtasubiri aliyoimba na Zuchu ikatembea barabarani hadi kwa makondakta. Lakini humohumo kaweka Nawaza, wimbo wa mtu aliyekaa peke yake anajiuliza mambo yake, na kwenye kiti changu hapo ndipo watu wazima walikuwa wanaacha simu. Hicho ndicho ninachokiita kugawa sahani vizuri.

Sasa kwa nini nyimbo za namna hiyo zinaonekana hazipendwi? Mwandishi wenu anasema wananchi wameamua. Naomba nibishe. Mtandaoni, Spotify wanahesabu kwamba wimbo umesikilizwa ukishapita sekunde 30, na kila mtayarishaji anajua hilo kuliko anavyojua siku ya kuzaliwa ya mama yake. Basi korasi inasogezwa mbele, utangulizi unakatwa, ubeti wa tatu unakufa, wimbo unaishia dakika mbili na kitu ili mtu aurudie. Hadithi haiwezi kukaa humo. Kwetu huku ongeza na bando. Wateja wangu wengi muziki wao uko YouTube, na mtu akishaunguza bando lake anataka aone na picha, haangalii jalada la albamu lililosimama tuli dakika tatu. Kwa hiyo wimbo usio na video kwake haupo duniani. Na video zinapewa nyimbo zipi? Zile zenye mgeni, kwa sababu mgeni kashalipiwa tiketi na hoteli. Wimbo namba 11, ambao msanii kakaa usiku akaandika jambo lake mwenyewe, unaachwa hivyohivyo. Baada ya miezi miwili tunaambiwa haukupendwa. Haukusikika, ndugu yangu, hiyo ndiyo habari yake.

Enzi za kaseti hatukuwa na subira kuliko watoto wa sasa, tusidanganyane. Ni kwamba kusogeza mbele kulikula betri, na kaka yangu, mwenye redio, alikuwa anatupiga. Kurudisha nyuma tulitumia kalamu ya Bic, unaichomeka kwenye tundu la kaseti unazungusha mpaka mkono unauma. Nani afanye kazi hiyo kwa ajili ya kuruka wimbo mmoja? Ukaiacha inaimba. Professor Jay alipotoa Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001, mtaa mzima ulikuwa na Ndio Mzee, yule mgombea anayeahidi mbingu na ardhi, tukacheka hadi tukajua kila neno. Lakini kwa kuwa kaseti ilikuwa inatembea, upande B nao tukaujua. Soko lilipata kicheko chake na msanii akapata nafasi ya kusema mengine, kwenye utepe mmoja, kwa bei moja.

Na tukizungumzia soko, watu wa kanda hii tuna ushahidi ambao ndugu zetu wa Dar es Salaam huwa wanausahau. Mwaka huohuo wa 2001, nani angekaa na kikokotoo chake akasema kitakachouza nchi nzima ni binti wa Bukoba anayeimba Kihaya kwa ngoma na vigelegele? Wakati huo kila redio ilikuwa inatafuta vijana wa kufokafoka. Kazi ya Saida Karoli ilisimamiwa kutoka hapahapa Mwanza. Maria Salome, ambayo wengi waliiita tu Chambua kama Karanga, ilitoka Kagera ikazunguka ziwa lote, ikaingia Uganda, ikashuka hadi pwani kwa watu wasiojua Kihaya hata salamu. Nilikuwa msichana bado. Asubuhi MV Victoria ikitia nanga kutoka Bukoba, wanashuka watu na mikungu ya ndizi, na wimbo uliokuwa unasikika kwenye redio za wapagazi ni huo. Mama yangu ni Msukuma wa Magu, Kihaya alikuwa anakisikia sokoni tu, lakini aliuimba wote akiwa jikoni, kila neno kalikosea, na ole wako umcheke.

Soko halikuwa limeagiza wimbo ule. Uliletwa, watu wakaupokea, ndipo wenye hesabu wakaja mbio kusema walijua tangu zamani. Ikapita miaka 15. Mwaka 2016 Diamond na Rayvanny walipotaka wimbo wa kutikisa, walirudi kwenye Salome hiyohiyo. Staa mwenye watayarishaji wa kila aina, mwenye kila takwimu ya YouTube mezani, akaja kuchota kwa mama wa Kihaya aliyeimba kama alivyofundishwa kwao. Mwaka uliofuata Saida mwenyewe akaibuka tena na Orugambo. Kwa hiyo mtu akiniambia "biashara haitaki majaribio", namwuliza hiyo Salome iliyowaletea mamilioni ya watazamaji ilianza kama nini.

Nampa Zuchu sifa kwa sababu hiyohiyo. Aprili 2020, msanii mpya, lebo kubwa nyuma yake, I Am Zuchu ina nyimbo saba tu. Ingekuwa rahisi kumjazia midundo saba ya klabu wamtangaze waendelee. Zilikuwepo za kuchangamka, na Wana ilishika sana, lakini wakamkalisha pia na mama yake, Khadija Kopa, kwenye Mauzauza. Wimbo ule ulipokuwa mpya nilikuwa na mama mtu mzima hapa, kaja kusukwa ule mtindo wa twende kilioni, yuko njiani kwenda msibani kwelikweli. Khadija Kopa alipoingia, mama akafungua pochi, akatoa noti ya elfu tano, akaipepea mbele ya sabufa kama vile malkia wa taarabu yumo ndani anapokea. Halafu akairudisha kwenye pochi, mimi nikabaki nimekodoa macho. Mashabiki wa Mauzauza hawana muda wa kuandika maoni mtandaoni. Wana pesa lakini, na wanajua kutunza.

Hata Mbosso, mwaka 2025, alipotoka lebo aliyokulia, wengi walikaa mkao wa kumsubiri aanguke, au walau akimbilie amapiano apate pa kujificha. Akaja na Room Number 3, na ndani yake Pawa, wimbo usio na papara hata kidogo. Nchi nzima ikauimba. Hakuna aliyeulizia mgeni.

Kuna jambo la shoo pia, nilitaje kwa kifupi maana linaniudhi. Msanii mmoja, simtaji, alikuja jijini kwetu akiwa ametoka kutoa albamu, mabango yana jalada la albamu, kiingilio kimepangwa kwa ajili ya albamu. Alipanda jukwaani usiku wa manane, akaimba juu ya CD vipande vya hiti zake za zamani, dakika moja moja, akatuambia "Mwanza mpoo", akashuka. Wimbo mzima kutoka kwenye albamu mpya hakuimba hata mmoja. Kama yeye mwenyewe haziamini nyimbo zake mpya, atawaaminishaje wanaouza na wanaoandika?

Na hapa ndipo nakuja kwenye ukurasa wenu. Mwandishi wa burudani ana nguvu ambayo mimi sina. Uhakiki wa siku ya kwanza andikeni, gazeti lazima litoke, lakini rudini kwenye albamu hiyo baada ya miezi sita mtuambie nini kimebaki. Mtuandikie nani kaandika mashairi na nani katengeneza biti, kwa majina, maana mara nyingi ukuaji wa msanii ni kwamba kapata mtayarishaji mwingine, na sisi wasomaji tunaachwa tunadhani karogwa au kajirekebisha. Mkimhoji staa, punguzeni maswali ya nani anatoka na nani. Mwulizeni kwa nini wimbo namba 11 hauna video. Akijibu kwamba pesa iliisha, tutamwelewa. Akijibu kwamba menejimenti iliukataa, hiyo nayo ni habari, tena kubwa kuliko kiki zote za wiki hiyo.

Watu wa redio za hapa nyumbani nao nawaomba. Mnacho kipindi cha usiku, muda ambao wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao na walinzi wako malindoni, hakuna wa kuwasumbua aombe hiti. Chukueni albamu moja kwa usiku mmoja, muipige yote, matangazo yakae mwanzoni na mwishoni. Mtapokea simu, nawahakikishia. Zitakuwa za watu ambao hamjawahi kuwasikia.

Mwandishi wenu akipata nafasi namkaribisha Igoma, aje katikati ya wiki, Jumamosi kuna foleni na watoto wa kipaimara. Wanaume siwasuki, ila kiti cha wageni kipo na chai ipo. Albamu achague mwenyewe, hata hiyo aliyoiita imebuma, sharti ni moja tu: simu ya muziki inakaa kwangu, haruhusiwi kuruka wimbo hadi kichwa kiishe.

Ndimi msomaji wenu,
Msusi, Igoma, Mwanza